Mkanda wa Ziada

Wajawazito walimpachika mkunga jina la Sentimita, kwa sababu kwa miezi mitatu hakuna aliyepita chumbani mwake bila kuzungushiwa mkononi futi ya mshonaji. Kila kipimo alikiandika daftarini. Wanawake mia mbili na kumi na wawili. Themanini na saba kati yao walikuwa na mkono wa chini ya sentimita ishirini na mbili.

Asubuhi hiyo mhandisi alikuja na fomu. Mashine yake mpya ya kupima presha, yenye taa ya kijani, njano na nyekundu, ilikuwa imemaliza majaribio. Ilibaki saini ya mkunga ili isambazwe kliniki zote.

"Kwanza umpime huyu," mkunga alisema.

Huyu alikuwa wifi yake, mimba ya miezi minane, kichwa kikimgonga tangu juzi.

"Wifi, futi tena? Gauni lenyewe silioni!"

"Nyamaza, nisije nikaupima na huo mdomo. Futi haitatosha."

Mkono: sentimita ishirini. Mhandisi alimfunga mkanda wa mashine, ukaumeza mkono karibu wote. Mia na thelathini na mbili kwa themanini na nne. Taa ya kijani.

"Salama," alisema.

Mkunga alichomeka mkanda mdogo aliouazima hospitali kuu, akasubiri dakika tano, akapima kwa mashine ileile. Mia na arobaini na nane kwa tisini na sita. Njano. Akarudia. Njano.

"Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba, chini ya ishirini na mbili, hushusha namba. Kwa taa yako ya kijani, huyu angerudi nyumbani." Akamgeukia wifi yake. "Wewe unakwenda wodini sasa hivi."

"Nitamwambia kaka yako umenifunga!"

"Mwambie alete na nguo za mtoto."

Mhandisi alikuna kidevu. "Mkanda mdogo upo, mama. Unaagizwa kando, kama kifaa cha ziada."

"Huu mkubwa mliujaribu kwa nani?"

"Tulianza na sisi wenyewe, ofisini."

Mkunga alimzungushia na yeye futi mkononi. Thelathini na moja.

"Kumbe mimi ndiye wa ziada!" wifi alicheka kutoka mlangoni, mfuko begani.

Mkunga alisukuma daftari mezani. Mhandisi alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Wanne kati ya kila kumi. Kisha akachukua kalamu, akakata neno "ziada" kwenye fomu, akaandika: mikanda miwili ndani ya kila boksi. Akaweka saini yake.

Hapo ndipo mkunga alipoweka ya kwake.