Nyumba ya Mzamiaji Ilivyoshuka

Chwii, chwii. Sauti ilitoka gizani, ndogo, kama chupa ya soda inayofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Kuluthum alipapasa birika, lilikuwa baridi. Akapapasa magoti ya mumewe, Farah. Sauti ilikuwa humo.

Kulipopambazuka, nyumba yao ya Bondeni, Nakuru, ilikuwa imepanda futi moja kutoka ardhini. Jirani yao Wanjugu alirudisha sufuria kwa kunyoosha mikono, akauliza kama Farah naye ameanza. Kuluthum akasema ndiyo, ameanza. Nyumba ya Gelle, kaka yake Kuluthum, ilikuwa juu ya mabati ya wengine tangu mwaka uliopita, imefungwa kamba kwenye nguzo. Gelle hakutembea tena. Ugali wake ulipanda kwa ndoo.

Farah na Gelle walikuwa wazamiaji wa bandari ya Mombasa. Mzungu mmoja wa Naivasha, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Haraka, aliwaleta watoe injini iliyozama katika ziwa la shimo la volkano shambani kwake, futi mia na ishirini chini. Aliwavuta juu upesi, akawapakia kwenye lori, na lori likapanda mwinuko wa Gilgil bila kusimama. Maumivu yalianzia hapo Gilgil, kwenye viwiko. Jumamosi Farah alitakiwa azame tena, afunge mnyororo. Gelle alipopooza, naye alikuwa amebakiza kuzama mara moja tu.

Kuluthum alifungua dirisha lote ili hewa ya magotini itoke. Nyumba ikaanguka puu, mtungi ukapasuka. Usiku magoti yakalia tena, na asubuhi nyumba ilikuwa juu. Safari hii alifungua upana wa kidole, akafunga, akamenya viazi, akafungua tena. Nyumba ikashuka bila chai kumwagika.

Jioni alilipeleka jambo hilo ngumbaru, darasa la watu wazima, kwa Mwalimu Zeddy, pamoja na karatasi ya Farah ya vituo vya kupumzika mzamiaji anapopanda kutoka chini ya maji. Zeddy aliisoma mara mbili. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, akaeleza, kwa hiyo mtu akitoka majini ni kama ametoka mbali zaidi. Apumzike kuanzia chini zaidi, tena kwa muda mrefu zaidi. Walipiga hesabu upya kwenye kibao.

Jumamosi Kuluthum alipanda lori, kibao ndani ya buibui, mwanawe Ladan, wa miaka minne, mkononi. Injini ilipofungwa mnyororo na Farah kupandishwa hadi futi arobaini, Bwana Haraka alitazama saa, akaamuru avutwe moja kwa moja. Kang'ethe, mshika winchi, akageuka.

"Mama Ladan, tuvute?"

"Bado. Hajamaliza kupumzika."

Kang'ethe akamweleza bwana kwa heshima kwamba mashine imekwama, kisha akaketi juu ya mpini wake, akiinuka tu Kuluthum alipomwashiria ampandishe Farah futi kumi. Kwenye futi arobaini Kuluthum alimlisha mtoto. Kwenye thelathini akamsuka nywele, kichwa kizima. Kwenye ishirini alifuma mkono wa sweta, kwenye kumi akafuma wa pili. Bwana alifoka mpaka sauti ikamwishia, akaenda kulala ndani ya lori.

Farah alitoka jua likielekea kuzama. Wakamvua kofia ya chuma. Akapanda ukingo kwa miguu yake mwenyewe, akauliza kama kuna chai. Wanawake wa shamba walipiga vigelegele mpaka korongo wakaruka.

Lori walilikataa. Walilala Karagita, karibu na shamba, siku mbili, wasiipande Gilgil na povu mifupani. Waliporudi, nyumba ilikuwa imetua, kizingiti kwenye nyasi, na Wanjugu alileta sufuria bila kunyoosha mikono.

Wiki hiyo mzamiaji mwingine, aliyeitwa na Bwana Haraka kwa kazi nyingine, alishuka kwenye treni kutoka Mombasa, ile karatasi ya bahari mfukoni. Kuluthum alimnakilia hesabu ya kibao kwenye karatasi. Habari zikaja kwamba Bwana Haraka aliichukua, akawashia kiko.

Farah aliketi mlangoni. Ladan aliweka sikio kwenye goti la baba yake, akasikiliza, hakusikia kitu. Akatoka uani, akainua kichwa.

"Ya mjomba bado iko juu."