Honi Mbili

Skrubu ilimganda Gulzar mdomoni kabla hajajua amefanya nini. Mshonaji aliyebana pini kwa midomo maisha yake yote hafikirii: mikono ikijaa, mdomo unageuka mto wa pini. Lakini pini ni za ndani ya nyumba. Hii ilikuwa skrubu ya chuma, nje, mwezi wa pili, na baridi ya Toronto iliikamata pamoja na mdomo wa chini ikakataa kuachia.

Akabaki amechuchumaa nyuma ya kigari cheupe, bisibisi mkono huu, bamba la namba mkono ule, akiipulizia skrubu pumzi ya moto kama anayepoza chai. Ilipokubali kutoka, ilitoka na ngozi kidogo. Akaonja damu.

"Mjinga wewe," akajiambia, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumcheka, akajicheka mwenyewe. Kicheko hakikwenda mbali. Sherali angemcheka vizuri zaidi, halafu angemnyang'anya bisibisi na kumwambia arudi juu kwenye cherehani yake, mambo ya magari awaachie wanaoyajua.

Mabamba yalikuwa ya Sherali. Gari lake kuukuu lilikata roho mwezi wa kwanza, na fundi wa vyuma chakavu aliyekuja kulivuta aliyafungua kwanza, akampa Gulzar mkononi. Huku namba ni ya mtu, si ya gari. Kwao Tabora gari likiuzwa linaondoka na namba yake. Gulzar aliyaweka chini ya cherehani, akashona juu yake mwezi mzima, mpaka alipompata Vernon, mstaafu Mgoa wa Weston, aliyekuwa akiuza hiki kigari. Vernon alikileta mwenyewe hapa Parkdale, akafungua mabamba yake, akayatia kwenye mfuko wa plastiki na kwenda zake kupanda basi.

Gulzar akainua macho. Maegesho ya jengo lao yako nyuma, na dirisha lake ni lile la ghorofa ya nne lenye pazia la maua. Sherali aliendesha lori la kiwanda cha maboksi mpaka alipostaafu, na alipostaafu akajiteua dereva wa mke wake. Siku ya kupeleka nguo kwa wateja alitangulia kushuka, akawasha gari lipate joto, kisha akapiga honi mbili fupi. Gulzar alijitokeza dirishani na pini zake mdomoni, akainua kidole kimoja: dakika moja. Ile dakika moja haikuwahi kuwa moja. Mara upindo haujakaa sawa, mara kifungo kimelegea, na Sherali alikaa chini kule injini ikinguruma. Honi ya tatu hakuipiga hata siku moja.

Simu ikalia kwenye mfuko wa koti. Akavua glavu kwa meno, mdomo ukamuuma.

"Shikamoo, mama! Pascal hapa, wa bima."

"Marahaba, Pascal."

"Nimesikia ujumbe wako. Hongereni gari jipya! Ila huyu mzee naye, ananunua gari kimyakimya bila kuniambia? Hebu nipe nimseme."

Pascal ni kijana wa Bukoba. Sherali alimpata miaka mingi nyuma, akifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu, kwa sababu alikuwa wakala wa bima wa kwanza katika mji huu anayejua Simba ni timu. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Walikuwa watu wa kupigiana simu: bima dakika mbili, mpira nusu saa. Gulzar aliwasikia kutoka kwenye cherehani yake, mumewe akigombana kwa raha na sauti ya mtu wa Yanga.

"Amelala," Gulzar akasema.

Neno lilitoka lenyewe. Akalisikia likienda, asiweze kulirudisha.

"Saa tisa hii, mchana?"

"Amechoka."

"Basi mwache apumzike. Sasa sikiliza, mama. Mkataba una majina yenu mawili, lakini dereva mkuu ni mzee. Ili nihamishe bima kutoka gari la zamani kwenda hili, lazima nimsikie yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Simu zetu zinarekodiwa. Halafu zile siku za kuvumiliwa baada ya kununua gari zimeisha jana. Kwa sasa hivi hilo gari halina bima kabisa."

"Nina gauni la kupeleka Markham. Nikienda na kurudi tu?"

"Hata gurudumu usigeuze, mama yangu. Akuguse mtu kidogo tu barabarani, mnauza mpaka vijiko. Mimi natoka saa kumi na moja. Mzee akiamka, anipigie. Na mwambie Yanga tunamsalimia!"

Akakata. Gulzar akatia skrubu mfukoni, safari hii mfukoni, akachukua bamba na bisibisi akarudi juu.

Gauni lilining'inia mlangoni mwa kabati. Lilikuwa zito, lesi kuanzia shingoni hadi mkiani, na bi harusi angelivaa kesho asubuhi. Upindo peke yake ulimlia siku mbili, kila mshono kwa mkono. Duka la Markham lilikuwa limempa kazi hii kwa shingo upande. Mara ya mwisho alipeleka gauni lao kwa basi, akabadilisha mabasi kwenye theluji iliyoyeyuka, na likafika na mstari wa kijivu wa chumvi ya barabarani chini kabisa. Mwenye duka hakufoka. Alisema tu kwamba gauni lijalo likija hivyo, basi. Na bila duka lile Gulzar hakuwa na kazi, maana wateja wa Parkdale aliowazoea walikwishahama mmoja mmoja kufuata kodi nafuu.

Akapasha mikono kwenye hita iliyo chini ya dirisha. Dawa ya mambo yote haya alikuwa nayo. Ilikuwa sentensi moja fupi, na hakuwahi kuisema.

Hakupanga iwe hivyo. Sherali alipofariki mwezi wa kumi, mwana wao Ashif alikuwa amekuja kutoka Calgary, na yeye ndiye aliyepiga simu zote, kwa Kiingereza, akizungukazunguka kwenye korido ya hospitali. Watu wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada, walikuja na vyakula, lakini walikuja wakijua. Wateja walioulizia aliwaambia hayupo, wakaelewa au hawakuelewa. Hata wiki iliyopita, kwenye kaunta ya serikali alikokwenda kuhamisha mabamba yawe kwa jina lake, karani alipouliza mwenye mabamba yuko wapi, Gulzar alisukuma cheti cha kifo juu ya kaunta. Karani akakisoma, akasema pole, akaendelea na kazi. Karatasi ilimsemea.

Kwenye simu hakuna karatasi ya kusukuma. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo alilijua vizuri ingawa lilimtia aibu. Katika mji huu mzima, Pascal ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa bado akimtania Sherali. Kwake yeye mzee alikuwa amelala tu, angeamka kujibu salamu za Yanga. Gulzar akimwambia, hapatabaki tena mahali ambapo mumewe yupo. Alitaka kumwacha hapo hata siku moja zaidi, na siku hiyo hakuwa nayo.

Nje theluji ilianza kuanguka. Akalivika gauni mfuko wake mrefu wa nailoni, akalibeba mikononi kama anayebeba mgonjwa, akafika mlangoni. Akasimama. Ule mfuko ulifika chini ya magoti yake. Mkia wa gauni ungeburuta kila ngazi ya kila basi. Akarudi, akalilaza kitandani, upande wa Sherali. Akaketi upande wake. Akapiga simu.

"Ehe, ameamka?" Pascal akadakia kwa furaha.

"Hapana. Hataamka, mwanangu. Sherali amefariki."

"Unasemaje, mama?"

Ikambidi arudie, na mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. "Amefariki. Tangu mwezi wa kumi. Nilikudanganya, naomba unisamehe."

Nyuma ya Pascal Gulzar alisikia ofisi ikiendelea, mtu akicheka, mashine ikitoa karatasi.

"Mwaka mpya hakunipigia," Pascal akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Kila mwaka hunipigia. Nikadhani amenuna, kwa sababu mara ya mwisho nilimtania sana. Nikasema ngoja, atapoa tu."

"Hakununa. Alicheka mpaka akakohoa."

"Kweli?"

"Nilikuwepo."

Gulzar akamsikia akipenga kamasi. Kisha Pascal akasafisha koo. "Pole sana, mama yangu. Sijui hata niseme nini. Na hii simu inarekodiwa, inabidi nikuulize maswali. Yataniuma, lakini inabidi."

"Uliza."

"Nimwondoe mzee kwenye mkataba?"

Gulzar akatazama mfuko mweupe uliolala pale kitandani. "Mwondoe."

"Dereva mkuu anakuwa nani?"

"Mimi."

"Hapo nyumbani kuna mwingine mwenye leseni?"

"Hakuna."

"Kuna mtu mwingine yeyote atakayeendesha gari hili?"

"Hakuna, Pascal. Ni mimi tu."

Vidole vya Pascal viligonga kompyuta, vikaacha, vikagonga tena. "Tayari, mama. Kuanzia sasa gari lina bima. Cheti cha mzee utanitumia baadaye, usihangaike leo. Endesha polepole, theluji inashuka." Akasita. "Nikikupigia siku moja, si mambo ya bima, nitakuudhi?"

"Piga. Lakini mimi mpira siujui."

"Tutaanza na Yanga."

"Sherali atanifukuza," Gulzar akasema, na ndipo alipolia, simu ikiwa bado sikioni, na Pascal hakukata.

Alishuka kabla ya saa kumi na moja. Akafunga bamba la mbele na la nyuma, skrubu zikitoka mfukoni moja moja, akazikaza kama anavyokaza kifungo cha koti, akivuta kwanza aone kama kimeshika. Akalilaza gauni kiti cha nyuma, akakunjua mkia wake taratibu. Leseni alikuwa nayo miaka yote, ila aliendesha zile siku mgongo ulipomzidi Sherali tu, naye akiwa pembeni akikanyaga breki isiyokuwepo. Akasogeza kiti mbele mpaka miguu ikafika. Akawasha, akaacha injini ipate joto.

Theluji ilijaza kioo, vifagio vikaifuta. Juu, kwenye ghorofa ya nne, taa aliyosahau kuizima ilikuwa inawaka nyuma ya pazia la maua. Mkono ukaenda wenyewe katikati ya usukani. Akapiga honi, fupi, mara mbili.

Akainamisha kichwa aone dirisha vizuri. Pazia lilitikisika kidogo, kama linavyotikisika siku zote joto la hita likipanda. Gulzar alikaa pale, mikono magotini, gari likinguruma. Honi ya tatu hakuipiga. Alisubiri kidogo, kama alivyokuwa akisubiriwa.