Uchafu wa Ndege ya Spana

Mama Rangi alikuwa na mkono usiotetemeka. Jina hilo alipewa na mtaa, maana karibu kila kibao cha duka, cha kinyozi, cha muuza magodoro, cha daktari wa meno, alikiandika yeye, juu ya ngazi, kwa brashi, bila kugusa rula. Ungemwamsha usingizini ukampa kopo la rangi nyekundu, angekuandikia herufi zilizonyooka kuliko tabia yako. Lakini siku alipoigeuzia brashi ndege ya plastiki inayoenea kiganjani, mkono ule ule ulimwaibisha.

Ndege ilikuwa ya mumewe. Au tuseme boksi lilikuwa la mumewe, kwa sababu ndege yenyewe ilikuwa bado vipande vipande ndani ya mifuko yake. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Spana, alikuwa fundi wa injini kwenye kiwanja kidogo cha ndege kilichopakana na mtaa. Muda wote wa kazi yake alihudumia ndege moja ya mizigo, kikongwe cha injini moja, na siku alipoona dukani mfano wa ndege ya aina ile ile alirudi nyumbani amelikumbatia boksi kama amepewa mtoto.

"Tutaiunda wote," alimwambia mkewe. "Mimi gundi, wewe rangi."

Boksi likapandishwa juu ya kabati. Leo, kesho, leo, kesho, ndivyo ndoa zinavyokwenda. Kisha homa ikaja, ikamchukua Spana haraka hata ndugu wengine wakafika wakati hana tena la kuambiwa, na boksi likabaki pale pale juu.

Kilichomfanya Mama Rangi alishushe ni jambo aliloliona akitoka kuandika kibao cha duka la viatu. Ile ndege kubwa ya Spana ilikuwa imeuzwa. Ilisimama kiwanjani imepakwa rangi upya, nyeupe pe, yenye mstari wa buluu ubavuni, inameremeta kama bibi harusi. Masizi yaliyokuwa yametambaa nyuma ya bomba la moshi hayapo. Pale bawani, ambapo viatu vya mumewe vilikuwa vimekula rangi mpaka bati likatokeza, pamefunikwa. Na ile alama ya kiganja chake kwenye kifuniko cha injini haipo. Spana alikuwa na tabia hiyo: akimaliza kazi, akifunga kifuniko, hukipiga makofi mawili mepesi, kama unavyompiga mgongoni mtoto aliyeshiba. Kwa miaka na miaka ya mikono yenye oili, kifuniko kilishika weusi. Siku za mapumziko alikuwa akimpeleka mkewe kuiona ndege, na hapo ndipo Mama Rangi alipoweka kiganja chake juu ya kile cheusi akaona chake kinamezwa.

Alishika waya wa uzio. Sauti ya Spana ilikuwa imeshaanza kumtoka. Maneno aliyakumbuka, lakini sauti ilikuwa haiji, au ilikuja ikiwa sauti ya mtu mwingine. Sasa hata ndege imemsahau. Akajiambia kwamba kabla naye hajasahau ataiunda ile ndogo, aipake rangi, kisha aichafue kama alivyoichafua Spana, doa kwa doa.

Kuunganisha hakukumsumbua. Rangi ndiyo iliyomtoa jasho. Mwandika vibao amezoea kupaka rangi nzito, mkono mmoja, yaani mara moja tu, imalizike, kibao kionekane toka ng'ambo ya barabara. Akaipaka ndege hivyo hivyo. Ilipokauka, mistari ya bati na vichwa vidogo vya misumari vilikuwa vimezama vyote, na ndege imevimba kama imeumwa na nyuki. Ikabidi aivue rangi yote aanze tena, safari hii akiizimua mpaka iwe nyepesi kama maziwa, akivuta brashi upande mmoja tu, akisubiri ikauke, akirudia. Mkono wa kwanza ulikuwa wa kukatisha tamaa. Wa pili ulikuwa na mabaka. Wa tatu ndio ulioanza kufanana na ndege.

Kisha akaja kwenye uchafu. Kuna watu wanaodhani kuchafua kitu ni kazi rahisi, nawaambia wajaribu. Uchafu unaotupwa ovyo unaonekana ni uchafu wa kutupwa ovyo. Ndege huchafuka kwa kufuata upepo, kutoka puani kwenda mkiani, na kila doa lina sababu yake. Mama Rangi aliifanya kazi hii kibandani kwake, katikati ya vibao vya watu, mlango ameuegesha. Aliizimua rangi nyeusi ya maji mpaka ikawa kama chai ya mgonjwa, akaiachia ijipenyeze kwenye maungio ya bati, akaifuta na kuacha kilichobaki ndani. Alisaga makaa akayachekecha kwa kitambaa, akaupaka unga wake nyuma ya bomba la moshi kwa brashi kavu. Alisaga chaki ya kahawia kwa ajili ya vumbi la tumboni. Pale penye viatu vya mumewe aligusisha rangi ya fedha kwa kipande cha sponji, kidogo kidogo.

Alama ya kiganja aliiacha mwisho. Kiganja ambacho kingeweza kumfunika uso wote kikawa doa dogo kama punje ya ufuta. Alilipiga mara mbili, kwa brashi iliyobaki na nywele chache, na mkono haukujiuliza. Ulijua wenyewe ni wapi. Na hapo, akiwa ameinama na ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, alimtamani mumewe waziwazi, mwili na sauti, na ile harufu ya mafuta ya injini iliyokuwa haimtoki shingoni hata aoge vipi. Alilia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetembelewa.

Alikuwa akiishi na mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa Spana, na sitamsengenya nikisema kwamba mwanamke yule na uchafu walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Sakafu yake ungeweza kuilamba. Angepata nafasi, angeifua hata sabuni. Alijua mkwe wake anaunda ndege, aliiona ilipokuwa bado na rangi yake mpya akaisifu sana, lakini habari za kuichafua hakuambiwa. Mama Rangi alitaka amshangaze. Akaileta nyumbani, akaiweka dirishani ipate hewa, akatoka kwenda kutafuta vanishi isiyong'aa, ile ambayo ikishapakwa huyashika madoa yote, ya masizi, ya unga na ya rangi, yasitoke tena.

Aliporudi, ndege ilikuwa juu ya taulo, mezani, inang'aa.

"Umeiona?" Mama mkwe alikuwa anakausha mikono, uso umemchangamka. "Uliiacha na vumbi lote la kibandani kwako. Nikasema mwanangu amechoka, ngoja nimsaidie. Maji ya uvuguvugu, sabuni, na mswaki mkuukuu. Haijavunjika hata kidogo."

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeiosha."

"Ule haukuwa uchafu!"

"Si uchafu ni nini? Maji yametoka meusi."

"Ulikuwa uchafu wake yeye!" Mama Rangi hakujua kama sauti ile ni yake. "Mkono wake ulikuwa pale. Viatu vyake vilikuwa pale. Nilimweka pale, na wewe umemfuta. Umemfuta mtoto wako kwa mswaki!"

Kuna maneno yakishatoka hayana pa kurudi. Mama mkwe alikaa kwenye kiti taratibu, akaitazama ndege, akautazama mswaki. "Sikujua," alisema, kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile ilikuwa haijawahi kuisikia.

Wakaingia kwenye kununiana kwa adabu, ambako ni kubaya kuliko kugombana. Chakula kipo. Ahsante. Mvua itanyesha. Ndiyo, itanyesha. Mama mkwe alisugua sufuria ambazo tayari zilikuwa safi. Mama Rangi alipanda ngazi yake kila asubuhi akaandika vibao vya watu, na kwa mara ya kwanza akakosea herufi, kwenye kibao cha mshona suti, ambaye kwa bahati alicheka.

Alasiri moja akapiga moyo konde. Alileta brashi, makaa na rangi zake nyumbani, akatandaza gazeti mezani, akaanza upya. Mistari ya bati ilikubali. Masizi yalikubali. Miguu ya ndege, iliyokuwa ya kijivu, aliipaka grisi nyeusi kuanzia juu hadi chini. Lakini alipofika kwenye kifuniko cha injini, brashi ilisimama hewani. Ilikuwa juu zaidi? Ilikuwa karibu na komeo, au katikati? Alifumba macho kumtafuta Spana akipiga kofi, na alichokiona ni doa dogo kama punje ya ufuta. Alikuwa anakumbuka kazi yake mwenyewe. Mkono wa mumewe ulikuwa umeondoka, ukaacha mahali pake picha ya mkono.

Aliweka brashi chini. Hakulia kilio cha kutembelewa safari hii. Alilia kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, haijulikani tangu lini. Alivuta kiti akakaa karibu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile.

"Nieleze," alisema. "Hii hapa ni ya nini?"

"Ni moshi. Unatoka kwenye bomba, unalala nyuma."

"Na hii?"

"Alikuwa anapanda hapa. Kiatu cha kulia kwanza."

"Na hii?"

"Hii oili. Ilikuwa inavuja kila siku, anaiziba, inavuja. Alikuwa anaitukana."

"Namjua." Mama mkwe akatabasamu kidogo, akaizungusha ndege kwa macho bila kuigusa, mikono yake ameibana mapajani kama mtoto aliyekatazwa. Kisha akauliza, "Na ule mstari wa mgongoni je?"

"Mgongoni mwa ndege?"

"Mgongoni mwake. Nguo zake za kazi si nilikuwa nafua mimi? Nilikukataza wewe, nikasema una rangi mikononi, utaniongezea kazi. Basi kila shati lilikuwa na mstari mweusi mgongoni, umesimama wima, kama zipu. Grisi tupu. Nausugua mpaka vidole vinachubuka, kesho yake anaurudisha. Siku moja nikamkamata, nikamwambia, wewe mtoto, huko kazini unaegemea nini?"

"Akasema nini?"

"Alicheka kwanza, si unamjua. Akasema anaegemea mguu wa ndege, ule unaotazama barabara. Mchana wenzake wakienda kula, yeye anakaa chini ya bawa, anauegemea, anaangalia barabara."

"Anaangalia nini?"

Mama mkwe alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Ngazi," alisema. "Si ulikuwa unapita pale mchana, ngazi begani, makopo yanagongana? Alisema akishakuona umepita ndipo chakula kinashuka."

Mama Rangi aligeuza uso. Alikuwa amepita barabara ile kila siku ya kazi tangu aolewe, jasho linamtiririka, anailaani ngazi na jua, macho yako chini asijikwae. Hakuwahi kugeuka kutazama upande wa uzio. Siku zote hizo alidhani yuko peke yake.

"Mbona hakuwahi kuniita?" aliuliza.

"Ugeuke na ngazi ile? Ungewakata watu vichwa."

Kicheko kiliwatoka wote wawili kwa pamoja, cha ghafla, chenye makamasi, na kilipokwisha walikuwa wameshikana mikono juu ya gazeti, na hakuna aliyefanya haraka ya kuuachia mkono wa mwenzake.

"Sikutaka kumfuta," alisema mama mkwe. "Hata mimi namtafuta. Wewe una brashi. Mimi tangu afe sina hata shati la kufua."

"Nisamehe, Mama. Nilisema maneno mabaya."

"Ulisema uliyoyasikia moyoni. Yamekwisha." Akaielekeza kidevu ndege. "Naweza kuishika?"

Mama Rangi aliinua ndege akamwekea viganjani. Mama mkwe aliibeba kama yai, akaigeuza tumbo juu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akautafuta mguu unaotazama barabara. Grisi ilikuwa bado mbichi. Aliweka kidole gumba juu kabisa ya ule mguu, akakivuta polepole mpaka chini, mara moja, na chini ya weusi ikatokeza rangi ya kijivu iliyotulia, mstari mwembamba ulionyooka.

"Hapa pawe safi," alisema. "Uchafu wa hapa alikuwa anakuja nao nyumbani."