Nasambu Avuka Pazia

Tangu Eliakim amwoe Emmy, Nasambu, mamake Emmy, alikuwa hajawahi kumshika mkwewe mkono. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawagusani. Hata chumba kimoja hawaketi. Kwa hivyo siku alipomtembelea bintiye mjini Bungoma, alikaa nyuma ya pazia la duka la Eliakim la kutengeneza vyombo vya umeme, na salamu zikapita kwenye kitambaa.

Upande wa pili Eliakim alikuwa mbioni. Lori la vyuma chakavu kutoka Kitale lilikuwa njiani kuja kuchukua televisheni mbovu na kompyuta zilizokufa, zikasagwe. Likishabeba, limebeba! Basi alizifungua harakaharaka, akichomoa feni, spika na transfoma ambazo bado zingemfaa mtu, akizijaribu kwenye umeme moja baada ya nyingine.

"Si upumzike kidogo, bana," Emmy akamwambia, akatoka kwenda kununua mkate.

Hakuwa amefika mbali Nasambu aliposikia mtu akikoroma kwa uchungu. "Eliakim?" akaita.

Alisita. Mungu amsamehe, alisita! Kisha akalivuta pazia. Mkwewe alikuwa amekakamaa, vidole vimeng'ang'ania waya, macho yamemtoka. Nasambu hakumgusa, umeme haujui mkwe wala mgeni. Aliruka vyuma vilivyotapakaa, akazima swichi ukutani. Eliakim akaanguka kama gunia la mahindi.

Hapumui.

"Emmy! Jamani, watu!" Kinu cha unga cha jirani kilikuwa kikinguruma, hakuna aliyemsikia. Sasa afanyeje? Amguse, avunje mwiko aliolelewa nao? Asimguse, bintiye arudi na mkate akute yeye ni mjane?

"Mila itanikuta na mkwe hai," akasema, akapiga magoti. Akaweka viganja kifuani pa Eliakim, akakandamiza kwa nguvu, tena na tena, jinsi mhudumu wa afya alivyowaonyesha akina mama kanisani. Jasho likamtiririka. Akamtukana Eliakim, akamwomba Mungu, akamtukana tena.

Emmy akatokea mlangoni, akapiga yowe. "Mama! Umemshika!"

"Nimemshika, na siachi! Tafuta gari!"

Ndipo Eliakim akakohoa. Akavuta pumzi ndefu ya kukwaruza, akafumbua macho, akamwona aliyemwinamia. Maskini, aibu ilimjaa usoni. Akaanza kujiburuta akajifiche chini ya meza.

Nasambu akamdaka shati. "Wewe, rudi hapa! Unatorokea wapi na moyo niliouwasha kwa mikono yangu?"