Ufunguo wa Lifti

Katika jengo lile la ghorofa sita, lifti ilikuwa ya wakubwa. Sharti uwe mkuu wa kitengo, ukabidhiwe ufunguo mdogo wa shaba. Wengine wote, ngazi. Karani wa masjala, mwanamke wa makamo, alikuwa amezipanda ngazi hizo miaka kumi na minne, mafaili kifuani, goti likimlia kama bawaba kavu.

Mkuu wa kitengo chao alipostaafu, mkurugenzi aliwaita watu wawili juu: karani, na mwenzake waliyempachika jina la Maringo. Hakuwaeleza kazi. Aliwatembeza.

"Kiti hiki kinazunguka. Zulia hili hapa. Choo chako mwenyewe, chenye sabuni. Mtu akiyataka haya, atajituma tu."

Maringo alikikalia kiti, akazunguka mara mbili, macho yamemlegea. Karani akajisemea moyoni, mtu mzima na ndevu zake anahongwa sabuni! Lakini hakujidanganya: naye alipouona ule ufunguo, mate yalimjaa kinywani.

Cheo akapewa Maringo. Na alikuwa amejituma kweli, maana kila ripoti aliyoiandaa karani, yeye ndiye aliyeipeleka juu kwa jina lake. Kesho yake akauning'iniza ufunguo shingoni kwa utepe mwekundu. Alikuwa akishuka hata bila haja, mradi apate kupanda tena. Watu aliokuwa akinywa nao chai juzi, sasa akawaita "ninyi wa chini".

Siku moja mchana, mpiga chapa, mja mzito wa miezi minane, alikaa ghafla kwenye ngazi za ghorofa ya nne. Chupa ilikuwa imepasuka.

"Dada, mtoto anakuja," mpiga chapa akamwambia karani, kucha zake zimemzama mkononi.

Maringo alikuwa amesimama mlangoni pa lifti, hatua tano kutoka pale.

"Fungua tumteremshe," karani akasema.

Maringo akaufumbata ufunguo. "Unajua utaratibu, dada. Ngoja nimpigie mkurugenzi, nipate kibali."

"Kibali cha nini? Cha kuzaa?"

"Mimi nina wiki tatu tu kwenye cheo. Usiniponze."

Karani aliukamata ule utepe akauvuta, na kichwa cha bwana mkubwa kikaja nao. Akafungua lifti Maringo akiwa ameinama kama mbuzi anayevutwa sokoni. Saa moja baadaye, hospitalini, mpiga chapa akajifungua mtoto wa kike.

Jumatatu mkurugenzi aliweka barua mbili mezani. Moja ya onyo, kwa kutumia lifti bila idhini. Nyingine ya kumpa cheo naye, kwa kuwa minong'ono ya mja mzito kunyimwa lifti ilikuwa imezagaa jengo zima na alitaka izimike.

"Chagua, mama. Ukinyamaza, hii ya onyo naichana."

"Miaka kumi na minne hukuniona," karani akasema, "umeniona leo unapotaka ninyamaze?" Akasaini ya onyo, kisha akaomba uhamisho. Walimpa siku hiyohiyo, kwa furaha ya kumwondoa.

Tawi alilopelekwa ni nyumba ya chini isiyo na ngazi, vyumba vitatu. Maringo alimpigia simu mara mbili, sauti laini, akiomba asaidiwe ripoti ya robo mwaka. Mara ya tatu karani hakupokea.

Wifi yake mpaka leo anamwita mjinga. "Cheo unakisukuma kwa mkono wako mwenyewe, wifi? Na goti hilo?"

Karani habishani naye. Humwomba tu amsogezee kigoda, anyooshe mguu.