Walimkuta Anacheka

Kiwanda cha sabuni kilipofungwa, Jovita alirudi Katubuka akajifungia ndani. Aibu ndiyo iliyomfungia. Mtaani kwao msiba ukitokea watu huchanga, mgonjwa akilazwa watu huchanga. Yeye hakuwa na cha kutoa, akaona heri asionekane. Bima ya afya nayo ilikwenda na kazi. Usingizi ukampaa, kichwa kikawa kinagonga mchana kutwa, hata siku moja akaanguka mlangoni na ndoo ya maji.

Aliyemwokota ni jirani yake Shadia. Zahanati waliambiwa ni presha: dawa kila siku, na asiachwe peke yake. Shadia akahangaika naye mpaka akaingizwa kwenye ruzuku ya kaya maskini, ambayo ilikuwa ndogo lakini ilitosha dawa. Kisha kila asubuhi akawa anamchukua hadi ufukweni Kibirizi, wanawake wanakoanika dagaa. Hakuna aliyemwajiri. Aligeuza dagaa, akasikiliza umbea, jioni akafungiwa mboga. Usingizi ukarudi, presha ikashuka.

Ndipo alipopita bwana Oswald, afisa wa ruzuku aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Alimkuta Jovita ufukweni anacheka na wenzake. Akamuuliza hali, Jovita, kwa adabu, akajibu kwamba anamshukuru Mungu, hajambo. Malipo yalipofika akaambiwa ameondolewa, kwa kuwa amepona na ana shughuli.

Wenzake walimnunulia vidonge, lakini mbalamwezi ilipokuja, mitumbwi haikutoka, maana dagaa huvuliwa kwa taa gizani, nao wakaishiwa. Basi wakaenda wote ofisini, khanga zikinuka dagaa. Bwana Oswald akawaeleza kwa upole kwamba utaratibu unaangalia hali aliyokutwa nayo mtu.

"Nina watu, baba, sina kazi," alisema Jovita. "Hawa walinitoa ndani. Ninyi mlinipa dawa. Mlipoona nimesimama mkaona dawa ya nini tena."

Shadia akamuuliza afisa, "Kwa hiyo kosa letu ni kumpenda? Tungemwacha aoze ndani mwake, mngeendelea kumpa?"

Bwana Oswald alisema rufaa yao itasikilizwa, wasubiri. Walikataa kuondoka. Wakakaa barazani mpaka mtendaji wa kata akatoka na kuahidi kwamba jambo litaharakishwa.

Halikuharakishwa. Jovita alipatwa na kiharusi akiwa anafua, upande wa kushoto ukalala na mdomo ukapinda. Wanawake wa Kibirizi wakapeana zamu hospitalini: huyu kwa uji, yule kwa kumgeuza, na Shadia akawa analala chini kando ya kitanda.

Huko ndiko bwana Oswald alikomfuata Jovita, amevaa shati la kupigwa pasi, amebeba machungwa. Alisema ana habari njema, ruzuku imerudishwa. Akangoja, kama mtu anayengoja shukrani.

Jovita alihangaika na ulimi wake mzito. Maneno yalitoka polepole, yamekatikakatika, lakini kila aliyekuwepo aliyasikia.

"Nilikuwa mzima," alisema, "uliponikuta."

Bwana Oswald akainamisha macho. Shadia akampokea machungwa, akayaweka chini ya kitanda, akamwambia amshike mgonjwa mgongoni, maana uji ulikuwa unapoa na yeye peke yake hawezi kumwinua.