Programu ya Nduwayezu

Gharibu alikuwa mtu wa Tanga aliyepelekwa Kasulu kuangalia kompyuta za shirika moja la misaada. Hakuwa mkali, ila hakuwa na maneno mengi, na kati ya watu na mashine alizielewa zaidi mashine. Mashine ikikataa, ina sababu, na sababu hiyo mtu akiitafuta kwa utulivu ataipata.

Mwaka ule wa 1998 makao makuu yaliagiza kompyuta za ofisi zote zibadilishwe, ziwekewe mfumo mpya wa kubofya picha badala ya ule wa kuandika amri. Gharibu alikwenda Kibondo, akafanya kazi yake, akamfundisha Loyce, katibu muhtasi wa pale, kushika kipanya bila kukikaba, akarudi Kasulu ameridhika.

Haikupita wiki, Loyce akaita kwenye redio.

"Kaka Gharibu, programu ya mwalimu Nadine imegoma. Ova."

"Mwalimu gani? Ova."

"Wa kambini Nduta. Anakuja kuchapa mitihani hapa ofisini. Ova."

Gharibu hakuwahi kumsikia. Kabla ya kubadilisha chochote alikuwa amempitia kila mfanyakazi, akamuuliza anatumia programu zipi. Lakini Nadine hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mkimbizi aliyeruhusiwa kukaa mbele ya mashine alasiri, wenyewe wakishamaliza, na hakuna aliyekumbuka kumtaja. Gharibu alijibu kwamba mwalimu aandike mtihani wake upya kwenye programu mpya, akazima redio. Kesho yake aliyeita alikuwa mkuu wa ofisi ya Kibondo mwenyewe. Mtihani wa kumaliza sekondari kambini ulikuwa umekaribia, alisema, na fundi aje.

Akapanda lori lililobeba mafuta ya kula. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara, na walipoipita Makere walikuta lori jingine limezama kwenye tope, likiziba njia nzima. Gharibu alivua viatu, akakunja suruali, akasukuma pamoja na wengine. Alipofika Kibondo alikuwa na tope hadi magotini na hasira aliyokuwa akiilea njia nzima.

Nadine alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cha kijani. Alisimama.

"Pole na barabara, bwana."

"Nimeshapoa, mama. Nionyeshe."

Waliingia ndani. Nadine aliandika jina la programu kwa vidole vya mtu aliyezoea, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kisha likatokea neno moja tu: *Ntibikunda*. Halafu kila kitu kikajifunga.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kirundi, kaka," alisema Loyce, ambaye kwao ni Kitahana, "na Kiha chetu hakiko mbali. Inasema haiwezekani."

"Nimekataliwa na programu nyingi, lakini kwa Kirundi hii ni ya kwanza. Nani kaitengeneza?"

"Mume wangu, Nduwayezu," alisema Nadine. "Alikuwa akifundisha hesabu chuoni, Bujumbura. Nilikimbia nayo kwenye disketi. Maswali yote ya masomo yote yamo humo ndani. Mimi nachagua somo na kidato, yenyewe inapanga karatasi."

"Basi tumpate yeye. Yuko wapi?"

"Hayuko."

"Alibaki Burundi?"

"Alikufa, bwana."

Loyce aliinamia mezani akaanza kupanga kalamu zilizokuwa zimepangwa tayari. Gharibu alisema pole. Kisha akaigeukia mashine.

Alijaribu yale ya kawaida kwanza. Aliipunguzia kompyuta mizigo ili programu ipate nafasi ya kutosha: *Ntibikunda*. Aliiwasha bila ile sura mpya ya picha, iwe nyeusi kama zamani: *Ntibikunda*. Mwisho alilifungua faili la programu kwa namna ya kuonyesha matumbo yake, akashuka taratibu katika takataka ya alama zisizosomeka hadi akakuta, karibu na neno lile la Kirundi, namba anayoifahamu. Ilikuwa namba ya toleo la mfumo wa zamani.

"Haijaharibika," alisema. "Kila ikiamka inauliza kwanza iko kwenye mfumo gani. Ikisikia namba isiyoijua, inajifunga."

"Alikuwa hivyo," alisema Nadine.

"Nani?"

"Mume wangu. Hakuingia nyumba ya mtu kabla ya kuuliza ni ya nani na nani yumo. Alinichosha. Sokoni aliuliza nyama imetoka wapi, na ng'ombe alikuwa wa nani. Siku waliyokuja kugonga, hakuuliza. Alisikia sauti ya mwanafunzi wake, akafungua."

Aliyasema kwa sauti ileile aliyotumia kuelezea programu. Gharibu aliiacha mikono yake juu ya kibodi bila kubonyeza kitu. Nje mtu alikuwa akipakua madumu ya mafuta, yakigongana.

"Kuna amri ndogo," alisema hatimaye. "Naweza kuiambia kompyuta kwamba programu hii, hii peke yake, ikiuliza, ijibiwe namba ya zamani."

"Yaani unaidanganya."

"Ndiyo."

Nadine alikitazama kioo. "Sawa. Idanganye."

Programu ikafunguka. Nadine alichagua Kifaransa, karatasi ikatoka kwenye printa, na Loyce akaangua kicheko: kila palipokuwa na herufi yenye alama kichwani palikuwa na kidudu cha ajabu, kama sisimizi amekanyagwa. Nadine hakucheka. Gharibu alieleza kwamba mfumo mpya na printa havihesabu herufi kwa mpangilio mmoja. Hilo lilimla muda kuliko lile la kwanza, lakini kabla ofisi haijafungwa herufi zilikuwa zimerudi mahali pake, na karatasi za masomo yote zikachapwa na kufungwa kwenye nailoni.

Hapo Gharibu angeweza kuaga. Alibaki amesimama.

"Mwalimu, nikueleze ukweli. Hii itakwenda mwaka huu. Watakapoleta mashine nyingine, uongo huu unaweza usikubalike, na mimi huenda sipo. Ni afadhali tuyatoe maswali yote, tuyaweke kama maandishi ya kawaida yanayofunguka popote."

"Na mpangilio wake?"

"Huo utabaki ndani. Utapanga kwa mkono."

Nadine alifikiri, akiwa ameliegemea kabati.

"Yatoe," alisema. "Maswali ni ya wanafunzi."

Asubuhi iliyofuata Gharibu aliielekeza programu ichape kila kitu, lakini badala ya kupeleka kwenye printa ipeleke kwenye faili. Yakatoka yote, hesabu, Kifaransa, elimu ya viumbe, miaka ya kazi ya mtu mmoja. Alimuuliza Nadine kama aifute sasa ile programu, nafasi ni ndogo.

"Inakusumbua?"

"Hapana."

"Basi iache."

Gari la shirika lilikuwa linakwenda Nduta, na Gharibu, ambaye hakuwa na kazi huko, aliomba kiti. Njiani walizungumza machache. Nadine alimuuliza kuhusu Tanga, kama ni kweli machungwa yanaoza chini kwa wingi. Gharibu alisema ni kweli.

Kambini walimu wawili walikuja kupokea mzigo. Nadine hakuwakabidhi. Aliukumbatia mwenyewe, akateremka, na kabla hajafika mlangoni mwa darasa la maturubai alikuwa ameshaanza kugombana nao kuhusu madawati, kwamba yamesogezwa karibu mno na wanafunzi wataibiana majibu. Gharibu alimsikia akipaza sauti kwa mara ya kwanza. Dereva aliuliza kama waondoke.

"Subiri kidogo," alisema Gharibu, akashuka kusaidia kusogeza madawati.